Mzimamoto wa kujitolea na cheti cha jimbo: kabla ya kuingia kwenye moshi, jua nani amekupima

Swali la msomaji: Nilisomea uuguzi kabla ya kuhamia Marekani, na sasa nimejiunga na kituo cha zimamoto cha kujitolea katika mji mdogo. Mkuu wa kituo anasema mazoezi yetu ya Jumatatu jioni yanatosha, kwa kuwa jimbo letu halimlazimishi mtu wa kujitolea kuwa na cheti. Mwenzangu aliye jimbo jirani anasema kwao hakuna anayeruhusiwa kuzima moto bila cheti cha jimbo. Nani yuko sahihi? Nianze na mafunzo ya zimamoto au ya huduma za dharura? Na nikihama, je, vyeti vyangu vitanifuata?

Jibu: Dada yangu, mkuu wako wa kituo na mwenzako wa jimbo jirani wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, kila mmoja kwa sheria ya mahali alipo. Marekani haina sheria moja ya taifa inayoeleza mzimamoto awe amejifunza nini kabla ya kupanda gari la kituo. Jambo hilo limeachiwa majimbo, na kila jimbo limelishughulikia kwa njia yake. Huko Texas, tume ya jimbo inayosimamia zimamoto inawataka wazimamoto wanaolipwa mshahara na serikali za mitaa wawe na cheti chake, lakini haiwalazimishi wale wa kujitolea, ambao wengi wao hutafuta vyeti kwa hiari kupitia chama chao. Florida, kwa upande wake, inamtaka hata mtu wa kujitolea awe na cheti kabla ya kutumwa kuzima moto. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu Chama cha Taifa cha Kuzuia Moto, NFPA, kilikadiria kwamba mwaka 2020 nchi hiyo ilikuwa na wazimamoto zaidi kidogo ya milioni 1, na takriban asilimia 65 kati yao walikuwa wa kujitolea kama wewe. Jimbo linaloandika kanuni za vyeti na kuwaacha nje watu wa kujitolea linakuwa limewaacha nje walio wengi.

Kwa hiyo sikushauri ubishane na mkuu wako kuhusu sheria, maana huenda akakushinda. Jiulize jambo jingine, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha mfumo wowote wa mafunzo wa jimbo zima: anayethibitisha kwamba unaiweza kazi hii ni nani, na anapata nini au anakosa nini kwa kuthibitisha hivyo? Mazoezi ya Jumatatu jioni yanaweza kuwa mazuri sana. Vipo vituo vidogo ambavyo watu wake hufunga mafundo, huvuta mipira ya maji na kupanga ngazi kwa ustadi unaowapita vijana waliotoka chuoni juzi. Lakini pale anayekufundisha ndiye anayekupima, na ndiye huyo huyo mwenye uhaba wa watu kwenye gari lake, uamuzi wake unabeba mzigo ambao hata mtu mwadilifu kabisa hawezi kuutua. Anakujua, anakuthamini, na anakuhitaji simu itakapolia Jumamosi usiku. Cheti cha jimbo kina thamani kwa sababu kimetoka kwa mtu asiyekuhitaji kwa lolote na asiyepungukiwa na chochote ukishindwa mtihani.

Majimbo yenye mifumo imara yametenganisha waziwazi mkono unaofundisha na ule unaopima. Illinois ni mfano mzuri. Taasisi ya Zimamoto iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Illinois, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1925, ndiyo chuo cha zimamoto cha jimbo kwa mujibu wa sheria. Inafundisha katika viwanja vyake na kuwapeleka wakufunzi katika vituo vya mbali, lakini cheti hutolewa na ofisi ya Mkuu wa Zimamoto wa Jimbo. Missouri imefuata mkondo huo huo: chuo kikuu cha jimbo kina taasisi inayofundisha, na idara ya usalama wa moto ya jimbo ndiyo inayotahini na kutoa vyeti. Maryland imegawa kazi zaidi, kwa kuwa taasisi ya mafunzo iko chini ya Chuo Kikuu cha Maryland, vyeti vya zimamoto viko chini ya bodi nyingine, na leseni za wahudumu wa dharura ziko chini ya taasisi ya jimbo inayojulikana kwa herufi MIEMSS. Yapo pia majimbo kama Kansas ambako taasisi moja ya chuo kikuu inafundisha na pia kutoa vyeti. Hapo kinga iko katika kanuni kwamba mkufunzi hawezi kuwatahini wanafunzi wake mwenyewe katika stadi alizowafundisha. Kanuni hiyo ikivunjwa, hata jengo zuri na magari mapya havisaidii kitu.

Nani basi anawachunguza hao wanaotahini? Kuna vyombo viwili vinavyotoa ithibati kwa mifumo ya majimbo: Pro Board, iliyoanza mwaka 1972, na IFSAC, iliyoanzishwa mwaka 1990 na yenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma. Vyombo hivi havimpimi mzimamoto mmoja mmoja. Vinaipima ofisi ya jimbo: maswali yake yanatunzwaje ili yasivuje, watahini wanachaguliwaje, matokeo yanahifadhiwa wapi, anayelalamika anasikilizwa na nani. Ofisi ikipita, cheti chake kinaweza kubeba muhuri wa chombo hicho, wenye namba yake ya kipekee. Kipimo chenyewe hutoka kwa NFPA, ambacho mwaka 1974 kilitoa toleo la kwanza la kiwango namba 1001 kuhusu sifa za mzimamoto. Tangu toleo la 2024 maudhui yake yameingizwa katika kiwango 1010, kwa hiyo usishtuke ukikuta namba hizo mbili katika nyaraka tofauti.

Kiwango hicho kina ngazi mbili. Mzimamoto wa Ngazi ya Kwanza anafanya kazi ndani ya kikosi chini ya macho ya msimamizi. Yule wa Ngazi ya Pili anaweza kupewa jukumu na kuwaongoza wenzake wachache katika kulitimiza. Katika ngazi zote mbili kuna mtihani wa kuandika na mtihani wa vitendo, na karibu kila mahali utatakiwa pia kuthibitisha kwamba unaweza kutambua kemikali hatari na kuchukua hatua za kujikinga na kuwakinga watu wa jirani. Watu wengi huliona somo la kemikali kuwa la kuchosha na kulipitia haraka. Usifanye hivyo, kwani mzimamoto hawezi kuchagua lori litakalopinduka barabarani lilikuwa limebeba nini.

Mtihani wa vitendo ndio unaowatisha watu, na ndio ninaotaka uuelewe kwa karibu. Chukua stadi ya kusimamisha ngazi ya kurefusha ya futi 24. Mtahini anakusomea maelekezo neno kwa neno kutoka kwenye karatasi, anakuuliza kama umeelewa, kisha ananyamaza. Kuanzia hapo hatakusaidia kwa neno wala kwa jicho. Unainyanyua ngazi, unaibeba hadi ukutani, unaichomeka chini, unaisimamisha, unavuta kamba hadi sehemu ya juu ifike usawa unaotakiwa, unahakikisha vishikizo vimejifunga, unafunga kamba iliyobaki, unailaza ngazi kwenye ukuta kwa pembe ya nyuzi 75 hivi, na unaikagua kabla mtu hajapanda. Umefanya yote hayo vizuri na kwa wakati. Lakini kabla ya kuinua hukutazama juu kuona kama kuna nyaya za umeme. Umeshindwa. Hakuna alama za nusu, kwa sababu baadhi ya hatua katika karatasi ni za lazima, na ukiiruka moja tu, uzuri wa zilizobaki haukuokoi. Wapo wanaoona huo ni ukali uliopitiliza, hasa uwanjani ambako hakuna waya hata mmoja. Mimi ninauunga mkono kwa moyo wote. Ngazi za zimamoto nyingi ni za alumini, na mtu anayeinua ngazi usiku wa manane huku jirani akipiga mayowe atafanya kile mwili wake ulichozoea, wala hatakumbuka kitu alichoambiwa mara moja darasani.

Ukimya ule wa mtahini unahitaji mazoezi yake peke yake. Kituoni kwenu, rafiki zako wanakukumbusha bila hata kujua: mmoja anaangalia glavu zako, mwingine anakohoa, wa tatu anasema, "Umemaliza kweli?" Waombe wakupime wakiwa wamefunga midomo. Na ujizoeze kusema kwa sauti kila hatua unayoichukua, kwa kuwa mambo mengine mtahini hawezi kuyaona, kama vile kwamba umesoma kipimo cha hewa kwenye mtungi wako na kujua kimebaki kiasi gani.

Sasa kuhusu moto wenyewe. Tarehe 26 Januari 1982, wazimamoto wawili walikufa huko Boulder, Colorado, wakiwa katika zoezi la moto halisi ndani ya jengo. Tukio hilo ndilo lililosukuma kuandikwa kwa kiwango cha NFPA namba 1403 kuhusu mazoezi ya moto halisi, kilichotoka mwaka 1986. Ungedhani jambo liliishia hapo. Mwaka 2001, huko Lairdsville katika Jimbo la New York, kijana wa miaka 19 aliyekuwa mgeni katika zimamoto ya kujitolea aliwekwa ndani ya nyumba ili aigize mtu wa kuokolewa. Moto uliowashwa kwa ajili ya zoezi ukawashinda waliouwasha, naye akafa. Kiwango kilichokataza kumtumia mtu hai kama majeruhi kilikuwepo tayari. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana siku ile.

Kwa sababu hiyo, ukipelekwa kwenye zoezi la moto, una haki na wajibu wa kuangalia mambo fulani kabla hujavaa barakoa. Wanafunzi kwa kila mkufunzi wasizidi watano. Awepo afisa wa usalama ambaye kazi yake ni hiyo tu, mwenye uwezo wa kusimamisha kila kitu. Wote wapitishwe ndani ya jengo kabla moto haujawashwa, ili kila mmoja ajue milango na njia za kutokea. Maji yatoke katika vyanzo viwili, kimoja kikikatika kingine kiendelee. Kinachochomwa ndani ya nyumba kiwe kitu kama mbao safi na nyasi kavu, kamwe isiwe petroli wala magodoro na fanicha za zamani zilizookotwa, kwa kuwa moshi na kasi ya moto wa vitu hivyo havitabiriki. Na wewe mwenyewe uwe umekwisha kufundishwa misingi: tabia ya moto, mavazi ya kinga, kifaa cha kupumulia, mpira wa maji, ngazi. Jimbo lenye mfumo mzuri hudai uthibitisho wa maandishi kwamba mwanafunzi amepita hatua hizo. Ukiambiwa "njoo tu, utajifunzia humo humo," baki nje.

Upande wa huduma za dharura mambo ni tofauti, na hapo hoja ya "hatulazimishwi" haina nafasi, kwa sababu kumhudumia mgonjwa kwa jina la kazi ni jambo linalotawaliwa na sheria za afya. Hali haikuwa hivyo zamani. Mwaka 1966 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba ajali zilikuwa zimeua watu 107,000 mwaka uliotangulia, na kwamba karibu nusu ya huduma za kubeba wagonjwa nchini zilikuwa mikononi mwa wenye biashara za mazishi. Gari lililoweza kumlaza mtu lilikuwa lao, na haikutarajiwa kwamba dereva wake ajue kumzuia mtu asivuje damu njiani. Kutokana na mshtuko wa ripoti hiyo, Wizara ya Uchukuzi iliandaa mtaala wa taifa, na mwaka 1970 ikaanzishwa Sajili ya Taifa ya wahudumu wa dharura, inayojulikana kwa herufi NREMT, yenye makao yake Columbus, Ohio. Inanigusa kila ninapokumbuka kwamba haya yote yana umri mfupi kuliko wa bibi na babu wengi walio hai.

Leo kuna ngazi nne zinazotambulika kitaifa. Ya kwanza ni EMR, anayefika mapema na kuanza kuokoa maisha kwa vifaa vichache: anazuia damu, anafungua njia ya hewa, anakandamiza kifua, anatumia mashine ya kushtua moyo, anatoa naloksoni kwa aliyezidisha dawa za kulevya, huku akisubiri gari la wagonjwa. Mafunzo yake kwa kawaida ni saa 48 hadi 60. Ya pili ni EMT, ambaye ndiye nguzo ya gari la wagonjwa, na mafunzo yake huwa kati ya saa 150 na 190. Kisha yupo EMT wa ngazi ya juu, na mwisho paramediki, ambaye masomo yake huzidi saa 1,000 na ambaye tangu mwaka 2013 hawezi kufanya mtihani wa NREMT kama chuo chake hakina ithibati.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba kuna milango minne ya kupita, na ufunguo wa mmoja haufungui mwingine. Kwanza unasoma kozi inayotambuliwa. Pili unafanya mtihani, ambao katika majimbo mengi ni ule wa NREMT, na unapata cheti kinachosema unaujua msingi wa kazi. Tatu unaomba leseni ya jimbo, ambayo ndiyo ruhusa ya kisheria, na hapo ndipo historia yako ya makosa ya jinai huchunguzwa. Nne, daktari msimamizi wa kituo au wa eneo lako anakubali uhudumie wagonjwa chini ya mwongozo wake. Mlango huu wa mwisho husahauliwa sana. Mhudumu wa dharura hafanyi kazi kwa mamlaka yake mwenyewe. Kila anachokifanya kimeruhusiwa na mwongozo wa daktari, na daktari huyo anaweza kukuondolea ruhusa hata kama cheti na leseni bado ni hai.

Hapa uuguzi wako unahitaji uangalifu. Maarifa yako ni hazina, nawe utaelewa sura za mgonjwa na maana ya mapigo ya moyo haraka kuliko wengi darasani. Lakini elimu ya uuguzi uliyoipata nyumbani haikupi ruhusa ya kuhudumia kwenye gari la wagonjwa, na hata leseni ya uuguzi ya Marekani si leseni ya kazi hiyo. Majimbo mengine yana njia fupi kwa wauguzi waliosajiliwa, kwa hiyo iulize ofisi ya huduma za dharura ya jimbo lako kabla ya kulipia kozi nzima. Utakalopambana nalo zaidi ni kuizuia mikono yako. Unajua kuweka dripu, nawe utakaa na mgonjwa anayeihitaji, ilhali ngazi ya EMT kwa kawaida haikuruhusu. Katika stadi ya kuzuia damu, mtahini atakupa mguu unaovuja. Utakandamiza jeraha moja kwa moja. Atakuambia damu bado inatoka. Hapo ufunge mkanda wa kubana damu juu ya jeraha bila kusita, kisha umlaze, umpe oksijeni, umfunike asipoteze joto, na uagize asafirishwe. Wauguzi wengi huanza kutafuta shinikizo la damu mapema mno. Mgonjwa anayemwaga damu hahitaji namba, anahitaji mkanda.

Mtihani wa kompyuta wa EMT huwa na maswali 70 hadi 120, na idadi hubadilika kwa kila mtu kwa sababu mashine huchagua swali linalofuata kulingana na jibu lako. Ukiona maswali yanazidi kuwa magumu, usikate tamaa, maana mtu anayefanya vizuri ndivyo anavyopata. Ukiona mtihani umefungwa mapema, pia usitafsiri chochote. Stadi za vitendo kwa ngazi za EMR na EMT hupimwa kwa utaratibu wa jimbo au wa chuo chenyewe, na kwa ngazi mbili za juu, NREMT iliacha kudai mtihani wa vitendo katikati ya mwaka 2024. Nina wasiwasi na mwelekeo huo. Mtihani wa kompyuta uliotungwa vyema unapima maamuzi kuliko igizo la uwanjani, hilo nakubali, lakini jukumu la kuthibitisha mikono ya mwanafunzi limerudi kwa chuo kilichomfundisha na ambacho kinahitaji takwimu nzuri za wahitimu. Ofisi za majimbo zinapaswa kuvikagua vyuo hivyo kwa macho yao, wala zisiridhike na saini ya mkurugenzi wa kozi.

Kuhusu kuhama, jibu linategemea upande. Cheti cha zimamoto chenye muhuri wa Pro Board au IFSAC husafiri vizuri, kwa sababu jimbo unalokwenda linaweza kuithibitisha namba ya muhuri na kujua ulipimwa kwa kiwango gani. Bado linaweza kukudai nyongeza, kama uchunguzi wa afya au somo la sheria zake, lakini hutaanza alifu upya. Cheti cha mazoezi ya ndani ya kituo hakisafiri hata kuvuka mpaka wa kaunti. Upande wa huduma za dharura, cheti cha NREMT kinatambuliwa karibu kote kama msingi wa kuomba leseni mpya. Upo pia mkataba kati ya majimbo yaliyojiunga, ulioanza kuwa na nguvu mwaka 2017 jimbo la kumi lilipoupitisha, unaomruhusu mhudumu mwenye leseni ya jimbo lake kuvuka mpaka akiwa kazini bila kuomba leseni ya pili. Mkataba huo unaanzia ngazi ya EMT. EMR hayumo, nawe unayeishi karibu na jimbo jirani unapaswa kulipima hilo kabla ya kuchagua kozi.

Vyeti hivi pia havidumu kwa namna moja. NREMT hudai mafunzo endelevu kila miaka miwili, saa 16 kwa EMR na saa 40 kwa EMT, na mtu anaweza badala yake kurudia mtihani. Cheti cha zimamoto katika majimbo mengi hakina tarehe ya mwisho, ingawa Florida humtaka mwenye cheti akihuishe kila baada ya miaka minne. Mimi ningependa majimbo yote yafanye hivyo. Mtu aliyepita mtihani wa kifaa cha kupumulia miaka 15 iliyopita na hajaingia kwenye moshi tangu hapo ana karatasi halali, lakini mapafu na mikono yake havijui lolote kuhusu karatasi hiyo.

Uanze na nini basi? Katika hali yako, anza na EMT. Katika takwimu za NFPA za mwaka 2020, takriban simu 4 tu kati ya 100 zilizopigwa kwa idara za zimamoto zilihusu moto, na zaidi ya nusu zilihusu wagonjwa na majeruhi. Utakuwa na manufaa kwa mji wako tangu wiki ya kwanza, uuguzi wako utapata pa kufanyia kazi, na leseni yako itakuwa katika ngazi inayovuka mipaka. Kozi ya EMR iache, isipokuwa kama umbali au saa za kazi haziruhusu kozi ndefu. Wakati huo huo, endelea kuhudhuria mazoezi ya Jumatatu na ufanye kazi za nje ya eneo la hatari: kuunganisha mipira, kuongoza magari barabarani, kubadilisha mitungi ya hewa. Darasa la Ngazi ya Kwanza lifuate, na majimbo mengi huliendesha jioni na mwisho wa juma kwa ajili ya watu wa kujitolea, mara nyingi kwa gharama ndogo au bila malipo, kwa kuwa taasisi nyingi za mafunzo hupata fedha za jimbo; Illinois, kwa mfano, hutumia kodi inayotozwa kwenye bima za moto. Hadi utakapolimaliza, na hadi uwe umechunguzwa afya ya moyo na kupimiwa barakoa inayokaa sawasawa usoni pako, usiingie ndani ya nyumba inayoungua, hata wenzako wakikusihi. Maradhi ya moyo yameongoza kwa miaka mingi miongoni mwa sababu za vifo vya wazimamoto kazini, kwa hiyo uchunguzi huo una uzito sawa na darasa lenyewe.

Kwa mkuu wako nenda kwa heshima, wala usiende na hoja ya sheria. Muombe aandikie ofisi ya vyeti ya jimbo, aulize ni lini mtahini anaweza kufika katika eneo lenu, na ni watu wangapi wanahitajika ili mtihani ufanyike karibu. Mwambie pia kwamba hata wazee wa kituo wanaweza kuomba kupimwa, kwa kuwa majimbo mengi yana utaratibu wa kutambua mafunzo ya zamani yaliyo na kumbukumbu za maandishi. Kwa hiyo aanze leo kuandika mazoezi ya kila Jumatatu: tarehe, somo, saa, nani alifundisha na nani alihudhuria, kila mmoja na saini yake. Mtahini atakapofika, daftari hilo ndilo atakalolifungua kwanza.